Jahazi la mbao la skeli 1:50: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nimelimaliza wiki mbili zilizopita ndio naandika sasa, maana maoni mengi unayoyasoma mtu kafungua boksi tu, gundi hata hajagusa. Ni modeli ya jahazi la tanga moja, imetoka Ulaya, urefu kama sm 40, nimeijenga hapa Mombasa jioni jioni nikitoka kazini. Mbao zake nzuri sana. Ila michoro yake usiiamini kwenye mlingoti na foromali (ule mti unaobeba tanga), na kama una mtu wa bahari karibu nawe mwonyeshe kabla hujabandika chochote juu ya sitaha, yaani hilo ndilo ningependa mtu angeniambia mimi mapema.

Mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake) ni plaiwudi iliyokatwa kwa leza na vyote viliingiana bila kulazimisha. Kisha ubavu una safu mbili, ya kwanza vibao vya mm 5 kwa unene wa 1.5, ya pili vyembamba vya rangi ya kahawia ndivyo vinavyoonekana. Safu ya kwanza ndiyo kazi yenyewe jamani. Taruma la katikati linakula vibao 22 kila upande lakini ukifika omo, yaani mbele ya chombo, ubavu umeshapungua, mimi nilipima nikapata mm 72, gawa kwa 22 unapata kama 3.3, kwa hiyo kila kibao lazima ukichonge kipungue taratibu kuelekea mbele, ila usikipunguze chini ya nusu ya upana wake kitavunjika. Kitabu cha maelekezo hili hakisemi kabisa, kina picha tu na mshale. Vibao nilivilowesha maji ya moto nusu saa halafu nikavikunja kwa ncha ya pasi, nikavibana na vibanio vya nguo mpaka asubuhi.

Na weka kimoja kulia kimoja kushoto. Mimi nilipandisha sita mfululizo upande mmoja kwa sababu kazi ilikuwa imenoga, kuamka asubuhi mkuku umepinda, ikabidi nibandue vinne. Iliniuma kwa kweli.

Gundi pia, kwa sisi wa pwani. Supaglu inashika kwa unyevu wa hewa, sasa na unyevu wetu huu inashika kabla hujaweka kibao sawa na inaacha ukungu mweupe kwenye mbao. Mwenzangu mmoja anayejenga meli za plastiki alinishauri niiweke kwenye friji ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na niitoe ubaridi uishe kabla ya kuifungua, nikafanya hivyo na imedumu. Lakini kazi kubwa nimeifanya kwa gundi nyeupe ya seremala, na nashukuru, utaona kwa nini.

Ami yangu ni mtu wa Lamu, ujana wake wote ameumaliza kwenye majahazi ya boriti. Alikuja kututembelea nikamletea pale barazani, wakati huo mlingoti nimeshaubandika. Akaliinua, akafumba jicho moja, akaangalia kutoka tezi mpaka omo, kimya. Halafu akasema, "Umbo zuri mwanangu. Lakini mlingoti huu mbona umesimama kama nguzo ya stima?"

Nikamwambia ami, mchoro ndivyo ulivyo. Akanieleza mlingoti wa jahazi unalala mbele kuelekea omo, ndio foromali ining'inie mbali na mlingoti, na ukitaka kugeuza tanga unaipitisha mbele yake. Akaniuliza pia kwa nini mataruma yalisimamishwa yote kabla ya ubao hata mmoja, maana kule Matondoni, kijiji cha Lamu cha waunda majahazi, mafundi hupandisha mbao za chini kwanza, taruma ndilo linachongwa lifuate mbao. Hilo sikuweza kulirekebisha tena, lakini mlingoti niliweza. Nilizungushia pamba yenye spiriti pale chini usiku kucha, gundi nyeupe ikalegea (ingekuwa supaglu hapo ningehitaji asetoni na rangi ingeharibika), nikapiga tupa tundu la sitaha upande wa omo kama mm 3, nikaurudisha na kabari ndogo nyuma yake. Ukitazama sasa lina uhai kabisa, kama linataka kuondoka.

Foromali nayo kwenye boksi ni kijiti kimoja cha duara. Ya kweli ni miti miwili mitatu iliyopishanishwa na kufungwa kamba, katikati nene, ncha nyembamba. Niliitengeneza upya kwa vijiti vya mishikaki vilivyopigwa msasa, nikafunga kwa uzi niliousugua nta ya nyuki, ami mwenyewe akanionyesha zile fundo zikae wapi. Tanga lililokuja ni jeupe kama shuka la hospitali, nikalichemsha kwenye chai ya rangi. Kando ya ubavu juu nikaongeza kimkeka cha ukindu cha kuzuia mawimbi, alikisuka mke wangu, upana wake hauzidi sm 1.

Abedari (kapi za kupitishia kamba) mbili hazikuwemo kwenye boksi na muuzaji sijapata jibu lake hadi leo, nikachonga zangu kwa mabaki ya plaiwudi. Bei ilikuwa 13,500 na usafiri, ushuru mbali.

Nyota naipa modeli hii nne, ile moja imeondoka na mlingoti. Mwenye boksi hili ambaye hajafika kwenye sitaha, aache tundu la mlingoti bila gundi, na akitaka vipimo vya foromali yangu ni mm 410 kutoka ncha hadi ncha, mapishano mm 110 katikati, mafungo saba.