Uzoefu wangu: Google Sheets na Telegram kwa kazi ya depo, Lubumbashi

Kazi yangu ni kufuatilia mizigo katika kampuni ndogo ya chakula hapa Lubumbashi. Unga wa mahindi unatoka Zambia kwa kamioni, unapita Kasumbalesa, na kutoka mpakani hadi depo yetu ya Kampemba ni kama kilometa 90. Deklaranti wetu, yaani wakala wa forodha anayeshughulikia karatasi za mizigo, anashinda mpakani. Mkuu wa depo yuko na vibarua wake, mhasibu yuko Kinshasa, na mimi ndiye ninayepigiwa simu na wote.

Sote tunaandika kwenye jedwali moja la Google Sheets. Kila kamioni ina mstari wake: namba ya gari, shehena, dereva, na safu ya mwisho inayoitwa Hali. Ni chombo kizuri na ni cha bure, ila jedwali ni kama daftari lililofungiwa kwenye droo: asiyelifungua haoni kitu. Deklaranti anaandika “imevuka” mchana, na jioni mkuu wa depo anawaruhusu vibarua warudi nyumbani kwa sababu hakuna aliyemwambia. Simu zikawa hivi siku nzima: “Mama, ile kamioni ya unga imevuka?” “Ngoja, Papa, niulize.” Kundi la WhatsApp nalo lilijaa sauti za dakika mbili mbili ambazo hakuna aliyezisikiliza hadi mwisho.

Nilichotaka ni kwamba Hali ikibadilika kwenye jedwali, ujumbe uende wenyewe kwa watu wanaohusika.

Nilianza na huduma za kati, zile zinazounganisha programu mbili bila kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Zapier na Make ndizo zinazotajwa zaidi, na zote mbili zinaeleweka haraka, hilo nalikubali. Tatizo ni hesabu. Mpango wa bure wa Zapier unatoa kazi 100 kwa mwezi. Kamioni kumi zikibadilika hali mara tano kila moja, na kila badiliko likienda kwenye makundi mawili, mia yote imekwisha, na biashara yetu haiishii kamioni kumi. Make inatoa hatua 1,000, na hapo mtu anaona ameokoka. Lakini ukiiweka ichungulie jedwali kila dakika 15, kila kuchungulia kunahesabiwa hata kama hakuna kipya: mara 96 kwa siku, kwa hiyo kabla mwezi haujafika katikati umeishiwa. Juu ya hapo, dakika 15 za kusubiri ni nyingi kwa mtu mwenye vibarua mlangoni wanaouliza kama wakae au waende. Mipango ya kulipia inaondoa shida hizi, ila inalipwa kwa kadi ya benki, kwa dola, kila mwezi. Wengi wetu hapa tunaendesha biashara kwa M-Pesa na Airtel Money.

Njia iliyotufaa haina mtu wa kati. Ndani ya Google Sheets kwenyewe, kwenye menyu ya viendelezi, kuna Apps Script. Ni mahali pa kuandika msimbo mfupi unaokaa pamoja na jedwali na kuendeshwa kwenye mashine za Google. Upande wa pili ni Telegram, ambayo tangu 2015 inamruhusu mtu yeyote kutengeneza roboti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu badala ya mtu, bila malipo. Unaandikiana na BotFather, roboti ya Telegram yenyewe ya kusajili roboti, unachagua jina, anakupa tokeni, yaani ufunguo mrefu wa herufi na tarakimu. Unaiingiza roboti kwenye kundi la kazi, basi. Msimbo wetu hauzidi ukurasa mmoja: ukiona safu ya Hali imeguswa, chukua mstari ule, tunga ujumbe, tuma.

Kundini unaonekana hivi:

“Kamioni 7. Unga wa mahindi. IMEVUKA, saa 9:40 mchana. Depo jiandaeni.”

Toka deklaranti abonyeze kwenye simu yake hadi ujumbe ufike Kampemba ni sekunde chache. Umeme ukikatika depo, na unakatika, hakuna kinachosimama, kwa sababu hakuna kompyuta yetu inayohusika. Akaunti ya kawaida ya Gmail inaruhusiwa kutuma maombi 20,000 ya aina hii kwa siku. Sisi hatutafika huko kamwe.

Sasa yale ambayo maelekezo mengi yanayapita haraka. Kianzishi ni kile kinachouamsha msimbo jedwali likiguswa, na kile cha kawaida kiitwacho onEdit hakiruhusiwi kutuma kitu nje ya jedwali. Lazima uweke kianzishi cha kusakinisha, kile unachokiongeza mwenyewe kwenye ukurasa wa vianzishi na kukipa idhini. Na hicho kinafanya kazi kwa jina la akaunti iliyokiweka. Kikiwa kwenye akaunti ya kijana wa mkataba, siku akaunti yake ikifungwa ujumbe unakatika. Kiwekeni kwenye akaunti ya ofisi. Pia kinaamka mtu anapoandika kwa mkono wake tu. Kama Hali yako inatokana na fomula, matokeo yakibadilika yenyewe kianzishi hakitasikia chochote.

Kuna na hili la kubandika. Mhasibu wetu anapenda kunakili mistari mingi na kuibandika kwa mara moja. Msimbo uliozoeleka unasoma thamani ya chumba kimoja cha jedwali, na vyumba vikibadilika vingi kwa pamoja thamani hiyo haipo, ujumbe unatoka mtupu. Dawa yake ni msimbo upitie eneo lote lililoguswa, mstari kwa mstari. Upande wa Telegram, kundi la kawaida linaweza kugeuzwa kundi kuu (supergroup) mkibadilisha mipangilio fulani, na likigeuka namba yake ya utambulisho inabadilika. Roboti inabaki ikigonga kwenye namba ya zamani. Anayekutana na ukimya wa ghafla aangalie hapo kwanza.

Saa ilinisumbua kuliko yote. Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa, nchi moja lakini kanda mbili za saa. Jedwali lina mpangilio wake wa saa za eneo na Apps Script ina wa kwake, na usipoilinganisha yote miwili na Lubumbashi, kamioni iliyovuka saa 11 jioni itaandikwa saa 10. Kwenye kubishana na mteja juu ya gharama za kusubiri, saa hiyo moja ina bei. Muhtasari wa asubuhi nao, ukiupanga utoke saa 12, Google huchagua dakika yoyote kati ya saa 12 na saa 1. Kwetu si neno, ila usiutumie kama kengele ya kazi.

Lakini uamuzi ninaouona wa maana kuliko msimbo wote ni safu ya Hali kuwa na orodha ya kuchagua, si nafasi ya kuandika. Deklaranti mmoja ataandika “imevuka”, mwingine “imepita”, mwingine “iko huku tayari”, na mashine haitajua kuwa ni jambo moja. Tumebakiza hali tano. Watu wa depo waliomba kila badiliko liwafikie, nikakataa. Wanapata mbili: imevuka, na imekwama kwa karatasi. Hizo ndizo zinazomfanya mtu anyanyuke. Kundi linalolia kila dakika hunyamazishwa, na likishanyamazishwa kazi yote imepotea.

Kwa walioko kwenye Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, mpango ni uleule na ni rahisi zaidi: inakupa anwani ya siri ya kupokelea ujumbe, unaiweka kwenye msimbo. Mjue tu kwamba mpango wake wa bure unaonyesha ujumbe wa siku 90 za karibuni, kwa hiyo kumbukumbu ibaki kwenye jedwali. WhatsApp, ambako kila mtu yuko tayari, ndiyo iliyokuwa ndoto yangu. Njia yake rasmi inadai akaunti ya biashara ya Meta, kampuni yenye WhatsApp, na violezo vya ujumbe vilivyoidhinishwa, na ujumbe wa namna hiyo unalipiwa. Kwa kampuni ya ukubwa wetu nimeona haifai, nikawaomba wenzangu waweke Telegram. Walinung’unika, wakaweka.

Sasa mkuu wa depo anataka ajibu “imepakuliwa” kundini na jedwali lijijaze lenyewe. Inawezekana, Apps Script inaweza kupokea ujumbe wa Telegram kama inavyotuma. Nimemwambia hapana kwa sasa. Kundini wamo madereva na watu wa muda, na jedwali lile ndilo mhasibu anatolea fakturi, yaani ankara za wateja. Nimempa yeye peke yake ruhusa ya kuandika kwenye safu moja, anafungua kwenye simu yake, anachagua, anaendelea na vibarua wake.