Mnunuzi kaingia mitini: nilivyorudishiwa kamisheni yangu eBay

Nauza sarafu za zamani eBay, soko la minada la mtandaoni, tangu 2013, nikiwa hapa Columbus, Ohio. Nazipata kwenye mauzo ya vitu vya marehemu: mzee mkusanyaji kafariki, watoto wanataka nyumba iwe tupu, na kopo la sarafu linauzwa kwa bei ya kopo. Zinazonigusa zaidi ni za kwetu, hasa heller 20, fedha ya wakoloni wa Kijerumani, za mwaka 1916 zilizopigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zimewazibia Wajerumani njia ya kuleta fedha kutoka kwao. Zina taji, zina herufi T ya Tabora, na ukizishika mbili utaona moja imekaa vizuri na nyingine maandishi yamepinda. Kazi ya vita, ya haraka.

Mwaka 2016 niliweka kumi na moja za Tabora pamoja na sarafu moja ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile ya 1299 Hijria yenye picha ya mizani. Mnada uliisha Jumapili usiku kwa dola 212, usafirishaji dola 8. Nilifurahi sana. Usiku uleule nilizifunga moja moja kwenye vifuko vya plastiki na kuandika bahasha.

Pesa haikuja.

Kilichokuja ni deni. Enzi hizo eBay walikuwa wakitoza kamisheni ya asilimia 10 kwa bidhaa nyingi, tena juu ya jumla yote, bei pamoja na usafirishaji, na ilikuwa inaingia kwenye ankara yako mnada unapoisha, mnunuzi awe amelipa au hajalipa. Kwa hiyo nilikuwa na sarafu zangu mezani, sina senti ya mtu, na nadaiwa dola 22. Anayeuza vitu vya dola kumi kumi anajua dola 22 ni faida ya wiki nzima.

Jambo hili lilikuwa limeshanikuta 2014, na nilipoteza. Mnunuzi wa sarafu ya dola 64 aliniomba nimvumilie, mshahara unatoka Ijumaa. Nikamvumilia. Ijumaa ikapita, akasema amelazwa. Nikamwombea afya njema na kusubiri tena. Nilipochoka na kwenda kudai nirudishiwe kamisheni, siku arobaini zilikuwa zimepita tangu mnada, na mwisho wa kufungua kesi ya kutolipwa, yaani malalamiko rasmi ndani ya eBay, ulikuwa siku ya 32. Dola 6.40 zikaenda. Kiasi ni kidogo, lakini iliniuma, kwa sababu nililipia biashara ambayo haikufanyika.

Basi safari hii nilimpigia rafiki yangu anayeuza lenzi za kamera kule Dallas. Akaniambia, “Kaka, kufungua kesi si ugomvi. Ni karatasi tu. Akilipa, kesi inajifunga na mnaendelea kuheshimiana. Asipolipa, una haki yako.” Maneno hayo yalinitoa hofu, maana sisi tumelelewa kuona aibu kumdai mtu, hasa mgeni.

Jumatatu nilimwandikia mnunuzi ujumbe wa adabu, nikamtumia na ankara. Kimya. Saa 48 zilipotimia, Jumanne usiku, nikafungua kesi. Ilinichukua dakika tatu: unachagua bidhaa, unachagua sababu kwamba mnunuzi hajalipa, unatuma. Yeye akapewa siku nne. Siku ya pili akajibu kwamba mwanawe mdogo ndiye aliyebofya, akaniomba tukubaliane tu kufuta mauzo. Nilitaka kumkubalia. Nikaenda kwanza kuangalia dau: alikuwa amepandisha mara sita kwa siku tatu, mara ya mwisho zikiwa zimebaki sekunde kumi na tano. Sikumjibu kwa ukali, nilimwambia tu kwamba nafuata utaratibu. Siku nne zilipoisha nikaifunga kesi mwenyewe, na dola 22 zote zikarudi kwenye akaunti yangu kama salio. Ada niliyolipa ili kichwa cha tangazo kiandikwe kwa herufi nzito haikurudi. Nyongeza za tangazo hazirudi, na tangu hapo sizinunui.

Kuna jambo moja la enzi hizo ambalo naomba anayesoma alielewe: kesi isipofungwa, kamisheni ilikuwa hairudi. Kuifungua tu hakukutosha. Wengi walifungua, wakaona mnunuzi kanyamaza, wakadhani yameisha. Wakati ule ulikuwa na siku 36 tangu mauzo kwenda kuifunga kwa mkono wako, zikipita umeachia.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo, na kwa maoni yangu yamekuwa mepesi. Kamisheni imepanda, imepita asilimia 13 kwa bidhaa nyingi, lakini sasa hukatwa kwenye malipo ya mnunuzi yenyewe. Mnunuzi ana siku nne za kulipa, na kuanzia siku ya tano unafuta oda kwa sababu kwamba hajalipa. Unaweza hata kuweka mipangilio oda ijifute yenyewe. Angalia sana unapochagua sababu. Ukibofya kwamba bidhaa imekwisha au imeharibika, doa linakuwa lako muuzaji, linaandikwa kwenye rekodi yako, na yule asiyelipa anatoka safi. Ukichagua kutolipwa, rekodi inakwenda kwake. Tangu 2008 muuzaji hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo alama hiyo ndiyo ulinzi tulio nao, na inawafaa wauzaji wengine: ukienda kwenye masharti ya wanunuzi unaweza kuwazuia wenye bidhaa mbili ambazo hawakuzilipia ndani ya miezi 12. Mimi nimewazuia, na usumbufu umepungua kwa kiasi ninachokiona kwa macho. Kwa vitu vya bei moja, visivyo vya mnada, natumia sharti la kulipa hapohapo, na tatizo hili huko silijui tena.

Kwa huduma yenyewe, utaratibu wa kurudishiwa naupa nyota nne kati ya tano. Unafanya kazi, haukuulizi maswali ya kukudhalilisha, na haukulazimishi kubishana na mtu. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya muda: siku nne ni nyingi kwa muuzaji ambaye kodi ya nyumba inamsubiri, na siku hizo zote kitu chako hakiuziki.

Zile za Tabora sikuzirudisha mnadani. Baada ya kufunga kesi nilimtumia aliyefuatia kwa dau ofa ya nafasi ya pili, yaani nafasi ya kununua kwa dau lake mwenyewe, ambayo haina ada ya kutangaza, na kamisheni unatozwa akinunua tu. Dau lake lilikuwa chini kidogo. Alilipa ndani ya dakika ishirini, kisha akaniuliza kama naweza kumwandikia jina la Tabora kwa mkono kwenye kadi ndogo, aiweke pamoja nazo kwenye kabati lake. Bahasha ilikuwa tayari tangu Jumapili ile. Nilibadilisha anwani tu, nikaiongezea kadi.