Lebo za tiketi: GitHub, GitLab na Gitea zikilinganishwa

GitHub, GitLab na Gitea ni majukwaa ya kuhifadhi msimbo wa programu na kufuatilia tiketi, yaani ripoti za hitilafu na maombi ya kazi; lebo hubandikwa kwenye tiketi ili kuzipanga. GitHub hukupa lebo tisa mradi unapoanza, zikiwemo bug, question na wontfix. Zote ni ndugu, hakuna iliyo chini ya nyingine. Kwa mradi mdogo hiyo inatosha kabisa. Tabu huanza pale tiketi moja inapobandikwa priority-high na priority-low kwa pamoja: mfumo hauoni kosa lolote, na kila anayechuja anaipata upande wake. Miradi mikubwa hujikinga kwa viambishi. Mradi wa Kubernetes huandika kind/bug na sig/network. Ule wa lugha ya Rust hutanguliza A- kwa eneo na C- kwa aina. Lakini kwa GitHub mkwaju (/) au kistari hicho ni herufi tu kama nyingine, kwa hiyo nidhamu lazima itoke kwa watu au kwa boti, yaani programu inayojiendesha.

GitLab ndiyo iliyolitatua tatizo hili vizuri zaidi, kwa kutumia nukta pacha mara mbili (::), ambapo kilicho mbele yake ni jina la kundi. Tiketi ikiwa na workflow::review ukaiongezea workflow::done, ya kwanza inaondoka yenyewe. Ukichuja kwa workflow::* unapata kila tiketi yenye hali yoyote ya kundi hilo. Kasoro kubwa ni kwamba huduma hii ni ya Premium na Ultimate pekee, yaani vifurushi vya kulipia.

Gitea inatoa karibu kitu kilekile bure tangu toleo la 1.19, kwa mkwaju. Ila mkwaju peke yake haufanyi kazi: fungua kila lebo ya kundi na uweke tiki kwenye kisanduku cha Exclusive. Lebo utakayoisahau itakaa pamoja na wenzake bila kuondolewa.

Usijenge ngazi zaidi ya mbili. GitLab hukata jina kwenye :: ya mwisho, hivyo workflow::backend::review na workflow::frontend::done ni makundi mawili tofauti na zinakaa kwenye tiketi moja bila ubishi. Ulidhani una mti, kumbe una majina marefu.

Kingine kinachoharibu kazi kimyakimya ni kuweka maeneo ya programu kwenye kundi la namna hii, ambamo lebo moja huiondoa nyingine. Hitilafu ya kuingia kwenye akaunti inaweza kugusa hifadhidata pia. Ikiwa na area::database, mtu akiongeza area::login, ile ya hifadhidata inafutika na tiketi inatoweka kwenye orodha ya timu iliyopaswa kuirekebisha. Hali, kipaumbele na aina zina jibu moja tu, hizo zipe makundi. Maeneo yaache bapa, bila kundi.

Ukitaka kupanga upya lebo za GitHub, badilisha jina la lebo iliyopo badala ya kuunda mpya, maana tiketi zake zote zitabaki nayo. Kabla ya hapo tafuta zenye mgongano: label:"priority-high" label:"priority-low" huleta zenye zote mbili. Ukiziunganisha kwa alama ya mkato (,), label:"priority-high","priority-low", utaletewa zenye mojawapo.