Juni yangu: Gurnah, Kezilahabi na Adam Shafi

Katika vitabu nilivyosoma Juni, ningekuazima Peponi kwanza. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 tu anapochukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, naye mtoto hana habari kwamba amewekwa rehani. Mazungumzo yake na Khalil, kijana anayefanya kazi naye katika duka la Aziz, nilikuwa nayasoma kwa sauti. Utani wao na kukemeana kwao ni vya watu wa pwani kabisa, mpaka unasahau kwamba kitabu kiliandikwa Kiingereza. Safari ya bara ni ndefu, lakini vumilia.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) nimeirudia ukubwani. Nilipokuwa msichana nilimtazama Rosa tu, kama vile kosa lote ni lake. Safari hii macho yangu yalikuwa kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa barua ya mvulana, na kwa Regina, mama aliyebeba nyumba nzima. Nimekasirika upya. Wazazi wenye mabinti, isomeni jamani!

Kuli ya Adam Shafi inahusu mgomo wa makuli bandarini Zanzibar mwaka 1948. Inakwenda mbio, na mhusika wake mkuu, Rashidi, nimempenda sana. Ila nakala yangu ya mtumba herufi zimefifia na kurasa zinachomoka, kwa hiyo tafuta iliyo nzima. Julai naanza na Vuta N'kuvute, yake huyo huyo.