Kushonesha kanzu Unguja au Mombasa ukiwa ughaibuni: kazi safi, shingo ndiyo mtihani

Siku hizi mafundi wengi wa Unguja na Mombasa wanapokea oda za kanzu kwa WhatsApp kutoka kwa Waswahili wa Uingereza, Kanada na kwingineko. Unatuma vipimo, unachagua kitambaa na darizi kwenye picha, unatanguliza nusu ya pesa, kanzu inakatwa. Kwa kazi ya shingoni, kanzu ya namna hii inaiacha mbali ile ya dukani iliyotiwa darizi kwa mashine. Inafaa kabisa, lakini kwa masharti.

Sharti la kwanza ni shingo. Urefu ukizidi, fundi yeyote atapunguza. Ukipungua, sijafu (pindo la chini lililokunjwa ndani) ya inchi 2 inafunguliwa, basi iombe tangu mwanzo. Mwili ukibana, taharizi, vile vipande vinavyotiwa ubavuni, huachia kidogo ikiwa mshono una akiba ndani. Shingo ikishakatwa, ikatiwa kaba (kitambaa cha ndani cha kuimarisha shingo) na kudariziwa, hapo hakuna tena la kufanya: kuipanua ni kuikata darizi yenyewe. Ipime mara tatu, utepe ukiwa umelala chini ya koromeo na kidole kimoja kikipita ndani. Mafundi wa pwani hutumia inchi, na tepu za Ulaya mara nyingi zina sentimita tu. Andika kipimo pamoja na jina lake. Sentimita 41 ni kama inchi 16.

Sharti la pili ni kutochanganya kipimo cha mwili na kipimo cha nguo. Ukimpa fundi kifua cha mwili, yeye huongeza inchi kadhaa za nafasi. Ukimtumia kipimo cha kanzu bila kumwambia, ataongeza vilevile, na mabega yataanguka. Njia ya uhakika ni kuitandaza mezani kanzu inayokukaa vizuri, kuiwekea tepu na kuipiga picha: kifua, bega, mkono, kikwapa, urefu. Asiye nayo apime urefu miguu mitupu, toka begani penye shina la shingo hadi fundo la mguu.

Kitambaa nacho kina yake. Poplini ya pamba hurudi (hupungua) ikifuliwa, pengine kwa asilimia 3 hadi 5, ikiwa haikulowekwa kabla ya kukatwa. Kwa kanzu ya inchi 58 hizo ni karibu inchi 2 hadi 3, na mashine ya kukaushia huimaliza kazi hiyo mara moja. Mwambie fundi aloweke, akaushe, apige pasi, ndipo akate. Tetroni, kitambaa chenye polyesta, hairudi wala haikunjamani ovyo, ila haipumui kama pamba.

Kofia ya mkono iagize mapema kuliko kanzu, maana kushona viua, yale matundu madogo ya nakshi, huchukua wiki nyingi, hata miezi. Pima kichwa juu ya masikio, kupitia katikati ya paji. Kofia hii haivutiki, hata nusu inchi huonekana. Omba picha ya upande wa ndani: viua vya mkono ni matundu ya kweli, yaliyozungushiwa uzi moja moja.

Kwa Idi, oda iwe imefika kwa fundi mwezi wa Rajabu. Ikifika Ramadhani, kazi zimejaa na darizi hufanywa haraka.

Kabla ya kumalizia malipo, omba video ya kanzu ikiwa imetandazwa, tepu ikizungushwa shingoni mbele ya kamera. Fundi mzuri hakatai. Bajeti iingize pia kodi ya forodha: Uingereza husamehe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa zawadi isiyozidi pauni 39, lakini kanzu uliyoilipia mwenyewe si zawadi, na kuiandika hivyo kwenye fomu kunaweza kukwamisha mzigo wiki ileile ya Idi au harusi.