Ziara ya Kaole na Mji Mkongwe kwa wanafunzi: inaanza vizuri, uzi unakatikia njiani

Ziara hii ya kuongozwa huuzwa kwa shule za Bagamoyo na jirani: huchukua muda wa saa tatu, kuanzia magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, hadi Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Tumeipima kwa swali moja: mtoto wa Kikwere, Kizaramo au Kidoe anarudi nyumbani akijiona ni wa watu wanaoendelea, au wa watu waliokwisha?

Swali hilo lina uzito. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Fabio Sani na wenzake walitunga dodoso la sentensi 12 lenye pande mbili: je, mila na imani za kundi zimerithishwa, na je, matukio ya historia yake yanashikana? Anayeona kundi lake limedumu hujifunga nalo zaidi, na kuwa mmoja wao humpa fahari.

Kaole wanastahili sifa. Penye kaburi la mnara mwongozaji haharakishi. Anaonyesha vishimo vilivyopachikwa bakuli za Kichina, kisha anaeleza chokaa: matumbawe yanachomwa kwa kuni, yanazimwa kwa maji, yanakuwa unga wa kujengea. Watoto wanainama kutazama ukuta kwa karibu.

Halafu msikiti wa karne ya 13 unaachwa, na kituo kinachofuata ni minyororo ya watumwa na Wajerumani. Mababu wametoweka katikati. Wanaporudi ni mateka tu. Mateso yasifichwe kamwe, lakini misafara ya biashara kati ya bara na pwani ilikuwa pia na wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira, na katika safari hizo ulikua utani wao na watu wa pwani. Utani huo upo mpaka leo: mtani anafika msibani, anawatania wafiwa, na hakuna anayekasirika. Watoto wameushuhudia kwa macho yao, ila hakuna aliyewaambia kwamba ile nayo ni historia yao. Dakika 10 zingetosha.

Kosa jingine ni kuuliza, “Nani hapa Mkwere halisi, anajua kilugha?” Wasiokijua wanainamisha vichwa, na ziara imewapoteza. Aulizwe kila mmoja jina lake amerithi kwa nani. Karibu wote watakuwa na jibu.

Wanafunzi 40 kwa mwongozaji mmoja ni wengi mno, wa nyuma hawasikii kitu. Mwalimu adai makundi ya 20, na aombe habari ya utani iingizwe kabla ya kulipia.