Sky Garden, London: nenda kwa mandhari, si kwa bustani

Kazi yangu ni madirisha ya aluminiamu na vioo, kwa hiyo sifa mbaya za jengo la 20 Fenchurch Street, ambalo Sky Garden iko juu yake, nilizijua kabla sijalikanyaga. Ndilo lile lililotanuka juu kuliko chini, Waingereza wakalibatiza Walkie Talkie, kwa kufanana na redio ya mkononi. Kule kutanuka si urembo. Ghorofa za juu ndizo zenye kodi nono, basi msanifu Rafael Viñoly akazipa eneo kubwa zaidi.

Kasheshe ni ukuta wa kusini: vioo vyake vimebonyea kwa ndani, na kioo cha namna hiyo hukusanya jua mahali pamoja. Mwaka 2013 miale ilitua mtaa wa Eastcheap, ikayeyusha sehemu za Jaguar iliyoegeshwa, na mwandishi mmoja wa habari akakaanga yai palepale. Na hoteli ya Vdara kule Las Vegas, aliyoisanifu Viñoly huyohuyo, ilishawaunguza watu kwenye bwawa la kuogelea! Baadaye hapa London wakafunga vizuia jua kwa nje. Mwaka 2017 jengo likauzwa pauni bilioni 1.28 kwa Lee Kum Kee wa Hong Kong, matajiri wa sosi ya chaza.

Kupanda ni bure, ila uweke nafasi mtandaoni mapema. Mlangoni mabegi yanapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Nilimpeleka mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga. Lifti hazipendi, alinishika mkono mpaka ghorofa ya 35. Milango ilipofunguka akanitupa, akaenda kwenye kioo. Daraja la Tower Bridge lile pale, ghorofa refu la Shard ng'ambo ya mto.

"Baba, meli ile mbona haishushi mzigo?"

"Ile HMS Belfast, mama. Ilikuwa ya vita, sasa ni makumbusho."

Bustani yenyewe ni ngazi za mimea pembeni, katikati baa na meza. Kumbuka ahadi ya bustani ya umma ilichangia jengo hili kupata kibali, ingawa limesimama mbali na kundi la maghorofa mengine marefu. Mama alizunguka yote, akauliza: "Hii bustani, au ukumbi wa harusi uliopambwa?" Sikuwa na jibu.

Wakati wa baridi chukua nafasi ya saa tisa alasiri, upate mchana na taa za jioni kwa safari moja. Vaa koti, roshani ya mbele ina upepo mkali.